Hesabu ya Hatua Nyingi: Tusikimbilie Jibu

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwalimu wa hesabu wa kituo kimoja cha kisomo mkoani Kagera. Waliomsikiliza ni wahitimu wa kisomo wanaojiandaa kwa mtihani wa kuchagua makarani wa mizani wa chama chao cha msingi. Mwishoni yapo maswali ya kujipima. Msomaji, chukua kalamu na daftari.)



Nimeambiwa kwamba nafasi za ukarani ni 2 na walioomba ni 19. Ukitoa 2 katika 19 wanabaki 17. Hao 17 watarudi nyumbani bila kazi. Hesabu hiyo ni ya hatua moja tu, kila mmoja wetu anaiweza. Lakini katika mtihani hamtaulizwa hesabu za namna hiyo. Mtaulizwa hesabu zenye hatua mbili, tatu, hata tano. Na hapo ndipo watu wanapoachana.

Mwaka jana niliombwa nisaidie kusahihisha karatasi za mtihani kama huu. Nilishangaa. Sikuona mtu aliyeshindwa kujumlisha. Sikuona mtu asiyejua kuzidisha. Walioanguka waliangukia mahali pengine. Mmoja aliruka hatua. Mwingine alifika nusu ya njia akadhani amefika nyumbani. Mwingine alijibu vizuri sana swali ambalo hakuulizwa. Basi leo nataka tuzungumze habari hiyo tu: jinsi ya kufanya hesabu ya hatua nyingi bila kupotea njiani.

HESABU NI KAMA SAFARI

Mtu akikutuma uende mjini, hukurupuki na kuanza kukimbia. Unauliza kwanza: naenda kwa nani? Napita wapi? Nikifika kwenye njia panda nishike upande gani? Hesabu ya maneno ni hivyo hivyo. Namba zilizoandikwa ni mizigo yako. Swali la mwisho ndilo mji unaokwenda. Ukikosea mji, hata ukitembea vizuri namna gani, hukufika.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: soma swali lote mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu. Kisha rudia kusoma sentensi ya mwisho. Huko ndiko swali lenyewe linakokaa. Ukishaisoma, andika kwenye karatasi unachotafuta. Andika kwa mfano: "Natafuta fedha atakayopokea mkononi." Siyo kilo, siyo magunia, siyo deni. Fedha mkononi.

TUFANYE MFANO WA KWETU

Tuchukue jambo la hapa kwetu. Sikilizeni swali.

Mkulima ameleta magunia 8 ya kahawa ya maganda. Kila gunia pamoja na kahawa yake lina kilo 46. Gunia tupu lina kilo 1. Tuseme bei ya kilo moja ni shilingi 2,000. Mkulima huyu anadaiwa na chama shilingi 85,000 za pembejeo. Je, atapokea shilingi ngapi mkononi?

Hapo utasikia mtu amekwisha piga kelele, "Mara nane, mwalimu! Mara elfu mbili!" Ngoja, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka. Tuandike kwanza tunachokijua.

Magunia ni 8.
Gunia pamoja na kahawa ni kilo 46.
Gunia tupu ni kilo 1.
Bei ya kilo ni shilingi 2,000.
Deni ni shilingi 85,000.
Natafuta: fedha mkononi.

Sasa tuanze kutoka nyuma. Ili nijue fedha mkononi, nahitaji kujua nini? Nahitaji kujua thamani ya kahawa yote, kisha nitoe deni. Ili nijue thamani ya kahawa, nahitaji nini? Nahitaji kilo za kahawa peke yake, bila magunia. Ili nijue kilo za kahawa peke yake, nahitaji nini? Nahitaji kutoa uzito wa magunia. Basi, nimekwisha iona njia. Sasa nageuka na kuanza mwanzo.

Hatua ya 1. Kilo za kahawa katika gunia moja: 46 − 1 = 45.
Hatua ya 2. Kilo za kahawa katika magunia yote: 45 × 8 = 360.
Hatua ya 3. Thamani ya kahawa: 360 × 2,000 = 720,000.
Hatua ya 4. Fedha mkononi: 720,000 − 85,000 = 635,000.

Jibu: mkulima atapokea shilingi 635,000.

Mwaka jana swali la namna hii lilikuwapo. Wengine waliishia hatua ya 3 wakaandika 720,000. Walisahau deni. Wengine waliishia hatua ya 2. Na wengi zaidi walifanya kosa hili: walizidisha 46 kwa 8 wakapata 368, kisha wakatoa 1 wakapata 367. Yaani walitoa gunia moja wakati magunia ni manane! Ukiendelea na 367 utapata shilingi 649,000 mkononi. Hapo umezidisha shilingi 14,000. Zimetoka wapi? Ni magunia 7 ambayo hukuyatoa: kilo 7 mara shilingi 2,000. Umenunua magunia matupu kwa bei ya kahawa.

Tazameni kwamba mtu huyo hakukosea kuzidisha wala kutoa. Namba zake zote ziko sawa. Amekosea kufikiri gunia ni ngapi. Kosa la namna hiyo ni baya kwa sababu halionekani. Karatasi inapendeza, lakini jibu si lenyewe.

MAMBO MANNE YA KUFUATA

Mwaka 1945 mwalimu mmoja wa hesabu, George Pólya, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, alitoa kitabu juu ya namna ya kutatua maswali ya hesabu. Alishauri mambo manne. Nami nawapeni kwa maneno yetu:

Kwanza, elewa swali. Unapewa nini, unaulizwa nini?
Pili, tafuta njia. Utaanzia wapi, utapita wapi?
Tatu, fanya hesabu yenyewe, hatua kwa hatua.
Nne, geuka nyuma utazame. Je, jibu linaingia akilini?

Watu wengi hufanya la tatu tu. Wanaruka la kwanza na la pili, na la nne hawalijui kabisa. Lakini mkulima hafanyi hivyo shambani kwake. Kwanza hutazama ardhi. Kisha hupanga apande nini na wapi. Halafu hulima. Na baada ya kupanda hurudi kuona kama mbegu zimeota. Basi akili ile ile ya shamba ndiyo ya hesabu.

Hebu tufanye hilo la nne kwa swali letu. Je, shilingi 720,000 kabla ya deni inaingia akilini? Fanya makisio. Kama kila gunia lingekuwa na kilo 40, magunia 8 yangekuwa kilo 320, thamani yake shilingi 640,000. Kama kila gunia lingekuwa na kilo 50, tungepata kilo 400, thamani shilingi 800,000. Gunia letu lina kahawa kilo 45, kati ya 40 na 50. Basi jibu lazima liwe kati ya 640,000 na 800,000. Jibu letu, 720,000, limo. Lakini kama umeandika 72,000 kwa kusahau sifuri, makisio yatakupigia kelele: "Wewe! Rudi nyuma!" Makisio hayachukui hata dakika moja, nayo huokoa mengi.

NENO MAGAZIJUTO NA MTEGO WAKE

Watoto wetu shuleni hufundishwa neno MAGAZIJUTO. Huenda mmewasikia wakiliimba. Ni kifupi cha maneno matano: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Linatukumbusha tuanze na kipi pale matendo mengi yanapokaa katika mstari mmoja.

Swali letu la kahawa tukiliandika kwa mstari mmoja litakuwa hivi:

(46 − 1) × 8 × 2,000 − 85,000

Mabano yale ni kama ua wa nyumba. Yanasema: yaliyomo ndani yamalizwe kwanza. Ukisahau kuyaandika, ukaweka 46 − 1 × 8, basi sheria inataka uzidishe kwanza. Moja mara nane ni 8. Kisha 46 toa 8 ni 38. Kilo 38 kwa magunia manane! Kahawa imekwenda wapi?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa hata watu waliosoma hujikwaa. Neno hili linataja Jumlisha kabla ya Toa. Basi wapo wanaodhani ni lazima kujumlisha kwanza kila mara. Sivyo. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja. Wakikutana, unakwenda kwa utaratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama unavyosoma.

Mfano: 50 − 20 + 10. Anayekimbilia kujumlisha atasema 20 na 10 ni 30, kisha 50 toa 30 ni 20. Amekosea. Jibu ni 40. Mnataka ushahidi? Twende dukani. Muuza duka alikuwa na kilo 50 za sukari. Akauza kilo 20. Zikabaki 30. Akaletewa kilo 10. Sasa ana ngapi? Hata mtoto atakuambia ana 40. Basi karatasi isitudanganye jambo ambalo duka linalijua.

Kugawanya na kuzidisha nao ni ndugu wa cheo kimoja. Hao pia unawachukua kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mfano 24 ÷ 4 × 2. Unagawanya kwanza kwa sababu ndiko unakokutana nako kwanza: 6. Kisha unazidisha: 12. Ukianza na 4 mara 2 utapata 8, na 24 gawanya kwa 8 ni 3. Hapo umepotea.

MANENO MADOGO YENYE UZITO

Wenye kutunga mitihani hawapendi kukutega kwa namba kubwa. Wanakutega kwa maneno madogo. Ukiyapita haraka, umekwisha.

Neno la kwanza ni "yaliyobaki". Sikilizeni: Mama alivuna madebe 60 ya mahindi. Alitenga theluthi moja kwa chakula. Kisha aliuza robo ya yaliyobaki. Je, yamebaki madebe mangapi ambayo hayakutengwa wala kuuzwa?

Theluthi ya 60 ni 20. Yanabaki 40. Sasa robo ya nini? Si robo ya 60. Ni robo ya yale 40 yaliyobaki, yaani 10. Basi 40 toa 10, yanabaki madebe 30. Aliyechukua robo ya 60 atapata 15, na mwisho ataandika 25. Madebe 5 yamepotea kwa ajili ya neno moja tu.

Neno la pili ni "kila". Ukiona "kila gunia", "kila mtu", "kila siku", jua kwamba kuna kuzidisha au kugawanya karibu hapo. Ndilo neno lililowaangusha wale wa magunia.

Jambo la tatu ni vipimo. Swali linaweza kukupa kilo upande mmoja na gramu upande wa pili. Mama ana unga kilo 2. Kila andazi linataka unga gramu 40. Atapata maandazi mangapi? Huwezi kugawanya 2 kwa 40. Kilo 2 ni gramu 2,000. Sasa gawanya: 2,000 ÷ 40 = 50. Maandazi 50. Vivyo hivyo saa na dakika, mita na sentimita. Kwanza viwe vya lugha moja, ndipo visemezane.

SWALI LA VIBARUA

Swali jingine ambalo halikosekani katika mitihani ni la watu na siku. Tulitazame.

Watu 6 wanaweza kulima shamba kwa siku 10. Walipokwisha lima siku 4, watu 2 waliugua wakaacha kazi. Waliobaki waliendelea. Tuseme kila mtu analima sawa na mwenziwe. Je, kazi yote ilichukua siku ngapi?

Hapa tusitafute kanuni ya kukariri. Tufikiri kama mwenye shamba anayelipa kwa siku. Mtu mmoja akilima siku moja, tuiite kibarua kimoja. Watu 6 kwa siku 10 ni vibarua vingapi? 6 × 10 = 60. Basi shamba lile lote lina kazi ya vibarua 60.

Hatua ya 1. Kazi yote: 6 × 10 = 60.
Hatua ya 2. Kazi iliyokwisha fanyika siku 4: 6 × 4 = 24.
Hatua ya 3. Kazi iliyobaki: 60 − 24 = 36.
Hatua ya 4. Watu waliobaki: 6 − 2 = 4.
Hatua ya 5. Siku za kumaliza: 36 ÷ 4 = 9.

Je, jibu ni 9? Ngoja! Soma tena swali: "Kazi yote ilichukua siku ngapi?" Zile siku 4 za mwanzo ziko wapi? Basi kuna hatua ya 6: 4 + 9 = 13. Jibu ni siku 13.

Sasa geuka nyuma utazame. Watu wamepungua, na siku zimeongezeka kutoka 10 hadi 13. Inaingia akilini? Ndiyo. Mikono ikipungua, kazi hukawia. Kama ungepata siku 7, ungejua mara moja kwamba kuna kitu kimekwenda mrama.

KARATASI ILIYONIOKOA

Nataka sasa niwaambieni kwa nini nasisitiza kuandika hatua. Si kwa ajili ya mtihani tu.

Mwaka 1988 nilikuwa kijana, karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Nilikuwa mwepesi wa hesabu na nilijivuna. Siku za msimu foleni huwa ndefu, watu wamechoka, jua linawaka. Mzee mmoja alileta magunia 12. Nilipima yote, nikajumlisha, nikatoa kilo 1 ya gunia badala ya kilo 12. Nikamlipa, akashukuru akaenda zake. Na wiki ile yote niliendelea hivyo hivyo kwa wakulima wengine.

Msimu ulipokwisha, kahawa ilipimwa tena ghalani. Ikapungua. Vitabu vinasema kilo nyingi, ghala lina kilo chache. Mnajua watu walisema nini? Walisema nimeiba. Mke wangu alisikia maneno hayo kisimani. Baba yangu alikaa siku tatu hatoki nje. Ndugu zangu, kukosa fedha kunauma, lakini kuitwa mwizi kunauma zaidi, tena pale ambapo hukuiba.

Alipokuja mkaguzi nilimpa daftari langu. Kwa bahati nzuri mwalimu wangu wa zamani alinizoesha kuandika kila hatua, nami nilikuwa naandika: uzito wote, gunia nililotoa, kilo zilizobaki, fedha. Mkaguzi alisoma mstari kwa mstari. Akafika pale. Akaniuliza, "Kijana, magunia 12, mbona umetoa kilo moja?" Nilijisikia kama nimemwagiwa maji baridi. Akahesabu makosa yote ya wiki ile. Yakalingana na kahawa iliyopungua. Basi ikajulikana kwamba ni kosa la hesabu, si wizi.

Fedha zile nilizilipa, zilikatwa katika mshahara wangu mpaka zikaisha. Lakini jina langu lilibaki. Kama ningekuwa nimeandika jibu tu, ningesema nini mbele ya watu? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata jina la mtu laweza kupotea hivyo hivyo.

Tena fikirini upande wa pili. Kama ningetoa kilo nyingi kupita inavyostahili, aliyeumia angekuwa mkulima. Na kama mkulima hajui hesabu hizi, angejuaje? Kwa hiyo hata wewe ambaye hukuomba ukarani, jifunze. Ukipewa stakabadhi, usiikunje na kuitia mfukoni. Kaa chini ya mti, ifuate hatua kwa hatua. Ukiona hailingani, rudi uulize kwa adabu. Kuuliza si ujinga.

SIKU YA MTIHANI

Sasa nitasema machache juu ya siku yenyewe.

Kwanza, gawanya muda wako. Tuseme mtihani ni wa dakika 90 na maswali ni 20. Tenga dakika 10 za kusoma maswali yote, na dakika 20 za kusahihisha mwishoni. Zinabaki 60. Gawanya kwa 20: kila swali dakika 3. Swali likikushika kwa dakika sita, liache, weka alama, endelea na jingine. Utarudi. Wapo waliopigana na swali moja mpaka kengele ikalia, kumbe mbele yalikuwako maswali mepesi yanawangoja.

Pili, andika hatua zako waziwazi, kila hatua mstari wake, na useme ni hatua ya nini. Usiandike "45" peke yake. Andika "kilo 45 katika gunia moja". Msahihishaji akiona umekosea hatua moja tu, anaweza kukupa alama za hatua nyingine. Mwaka jana mama mmoja, mzoefu wa biashara, alifanya hesabu zote kichwani. Majibu mengi aliyapata. Lakini mawili yalikosea, na karatasi haikuwa na kitu kingine. Sikuwa na cha kumpa. Aliikosa nafasi kwa alama chache. Mama huyo anaweza kunishinda kwa akili. Kilichomwangusha ni kuficha njia yake. Yumo humu leo, na ameniruhusu niseme habari hii. Mwaka huu anajaribu tena.

Tatu, jibu liwe na jina lake. Shilingi, kilo, siku, watu. Namba bila jina ni kama barua bila anwani.

Nne, msiitegemee simu. Najua wengi wenu mna simu zenye kikokotoo. Ni chombo kizuri, lakini chumba cha mtihani huenda kisikuruhusu. Tena chombo hakijui unatafuta nini. Andika 46 − 1 × 8 katika kikokotoo kidogo cha mezani: vingi vitafanya tendo moja baada ya jingine na kukupa 360. Andika hayo hayo katika simu: nyingi zitazidisha kwanza na kukupa 38. Yupi umwamini? Mwamini anayejua gunia ni ngapi, yaani wewe mwenyewe.

MWISHO

Ndugu wanakisomo, wapo wanaotucheka. Wanasema mtu aliyejifunza kusoma ukubwani atashindana vipi na aliyemaliza darasa la saba? Mimi nasema hivi: mtoto wa shule ameziona hesabu hizi ubaoni. Ninyi mmeziona mizanini, sokoni, shambani na jikoni. Mnajua kwamba magunia manane hayawezi kuwa na kilo 38. Mnajua kwamba vibarua wakipungua kazi inachelewa. Ujuzi huo ni nusu ya mtihani. Nusu ya pili ni kalamu na subira.

Fanyeni hesabu mbili kila jioni kabla ya kulala. Mbili tu. Mkae wawili wawili, mmoja asome swali, mwenziwe aseme hatua, kisha mpokezane. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku ya matokeo, atakayepata asijivune, na atakayekosa asitupe daftari. Kahawa itaendelea kupimwa, na kila msimu patahitajika mtu wa kutazama mizani.



MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama alinunua kilo 12 za sukari. Tuseme kila kilo ilikuwa shilingi 3,000. Alilipa nauli ya mzigo shilingi 4,000. Aliuza sukari yote kwa shilingi 3,500 kila kilo. Alipata faida kiasi gani?

2. Tafuta jibu: 100 − 40 + 25 − 5.

3. Baba alivuna magunia 24 ya maharage. Aliuza nusu. Theluthi ya yaliyobaki aliitoa shuleni kwa chakula cha watoto. Alibaki na magunia mangapi?

4. Watu 8 wanaweza kuchimba mtaro kwa siku 6. Baada ya siku 3 walikuja watu 4 zaidi kuwasaidia. Kazi yote ilichukua siku ngapi?

5. Mkulima alileta magunia 15. Kila gunia pamoja na kahawa lina kilo 62. Gunia tupu ni kilo 1. Tuseme kilo moja ni shilingi 1,500. Anadaiwa shilingi 120,000. Atapokea kiasi gani mkononi?

MAJIBU (Usitazame kabla hujamaliza!)

1. Mtaji ni 36,000 na nauli 4,000, jumla 40,000. Mauzo ni 42,000. Faida ni shilingi 2,000. Ukipata 6,000, umesahau nauli.

2. Jibu ni 80.

3. Aliuza 12, yakabaki 12. Theluthi ya 12 ni 4. Alibaki na magunia 8.

4. Kazi yote ni vibarua 48. Siku 3 za kwanza ni vibarua 24. Vinabaki 24. Watu sasa ni 12. 24 ÷ 12 = siku 2. Kazi yote ilichukua siku 5.

5. Kila gunia lina kahawa kilo 61. Magunia 15 ni kilo 915. Thamani ni shilingi 1,372,500. Ukitoa deni, atapokea shilingi 1,252,500.